Sahihi ya Mama

4 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, kwa sababu nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Najijua. Nimechaguliwa chuo kikuu kusoma shahada ya menejimenti ya biashara. Si uuguzi. Uuguzi sikuujaza kabisa. Fomu aliyoiona mama niliijaza kwa penseli, akafurahi, kisha nikaifuta na kuijaza upya kwa wino nikiwa peke yangu.

Sasa salamu. Sisi hatujambo. Baba yuko dukani na saa zake na hajabadilika: mteja akimwuliza sasa ni saa ngapi, anamwambia amwulize mama. Nami nilipomwuliza, kwa kuzungukazunguka, kama mtu anaweza kubadili mawazo kuhusu kozi, alitoa lenzi jichoni, akasema, "Muulize mama yako," akairudisha. Mama anaendelea na wodi yake. Amekwisha kuwatangazia wauguzi wote kwamba mwezi wa kumi naingia chuo cha uuguzi, na nikienda kumpelekea miwani aliyoisahau wananiita "mwenzetu". Juzi ameninunulia viatu vyeupe.

Nashindwa kumwambia. Kila nikikaa mezani nimejiandaa, maneno yanafika kooni yanageuka kuwa "naomba chumvi". Wiki hii nimekula chumvi nyingi.

Utaniuliza kwa nini menejimenti, mtu ambaye darasani hata kunyoosha kidole ilikuwa kazi. Tangu nikiwa darasa la nne nimekuwa nikikaa nyuma ya pazia la duka la baba. Nawaona wateja wanavyokata tamaa kwa sababu hakuna anayewaambia saa yao itakuwa tayari lini. Nawaona wanavyokwenda kwa yule fundi wa ng'ambo ya barabara, ambaye hajui saa lakini anajua kusema "njoo Alhamisi". Mimi najua la kufanya. Kulisema ndiko sijui, na nadhani kuna mahali watu wanafundishwa.

Tatizo ni hili. Fomu ya kukubali nafasi inataka sahihi ya mzazi, maana sijafikisha miaka kumi na minane, na inatakiwa chuoni kabla ya tarehe 31 Agosti. Baba hatatia sahihi bila mama. Nakuomba wewe umwandikie mama. Unasimamia watu ishirini na wawili. Mtu mmoja hawezi kukushinda.

Nijibu kwa sanduku la posta la duka. Simu ya nyumbani ni ya mama, na mama huipokea kabla haijalia.

Mwanao,
Kimya

29 Mei

Kimya wangu,

Marahaba. Barua yako imekaa wiki mbili mapokezi chini ya funguo za wageni. Hoteli hii inaweza kupoteza hata ukuta. Mimi mzima, isipokuwa magoti. Msalimie kaka yangu, mwambie ile saa aliyonitengenezea inakwenda vizuri sana, inafika kesho kabla yetu.

Huku kwenye chumba cha kufulia tumepona vita. Wapigapasi wangu wawili, Mrefu na Bibi Foronya, waligombea meza ya dirishani, kwa kuwa kule ndani ni joto tupu. Wakaacha kusalimiana. Wakaanza kutumiana ujumbe kupitia kwangu: "Mwambie huyo asogeze taulo zake." Nikawaita nikawahubiria, wapi. Nikawapangia zamu, kila mmoja akasema nampendelea mwenzake. Basi nikaichukua meza ile mimi mwenyewe. Nikapiga pasi wiki nzima, polepole, vibaya, shuka zikitoka na mikunjo kama uso wa mwenye jino bovu, na huku nawakosoa wao. Siku ya tano wakaja pamoja, bega kwa bega, wakaniomba niondoke. Walikuwa wamekwisha kukubaliana zamu zao. Hawanipendi, lakini shuka zimenyooka.

Kuhusu jambo lako: nimelisoma. Hongera. Tutaliona.

Na mimi nina langu. Tuna mkurugenzi mpya, kijana wa soksi za rangi, ameamua kwamba kila msimamizi awe na shahada. Miaka ishirini na sita naendesha chumba hiki, sasa imegundulika sijui. Kwa hiyo tangu Januari nasoma, Jumamosi na Jumapili, unajua nini? Menejimenti ya biashara. Naketi na vijana wa umri wako, wananiita mama na kuniazima kalamu. Wifi yangu, yaani mama yako, asilijue hili. Akisikia nimerudi darasani na miaka hamsini hii, atacheka mpaka wagonjwa waamke.

Swali la insha nimeliweka humu ndani: "Eleza namna meneja anavyowapa motisha wafanyakazi." Wewe hesabu na vitabu ndiyo hewa yako. Niandikie kurasa chache, kisha tuje kwenye lako.

Shangazi yako

10 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Pole na magoti. Baba amecheka kuhusu saa, yaani amepumua kwa pua, ambako kwake ndiko kucheka.

Nimekuandikia kurasa sita. Nimekwenda maktaba ya shule siku tatu. Mtunza maktaba ananiruhusu bado kwa sababu hajakumbuka kwamba nimemaliza. Nimeanza na maana ya neno motisha, kisha maana nyingine nne za neno motisha kwa wataalamu mbalimbali, kisha aina za motisha, kisha hitimisho. Nimepiga mstari chini ya vichwa vyote kwa rula. Unakili kwa mwandiko wako.

Mama ameninunulia kipimajoto. Amenifundisha namna ya kutandika kitanda mgonjwa akiwa juu yake, na mgonjwa alikuwa baba. Alilala akiwa ameshika saa ya mteja.

Je, umepata nafasi ya kumwandikia? Sikukumbushi. Nataja tu.

Kimya

6 Julai

Kimya wangu,

Marahaba. Mvua imetupiga wiki mbili, taulo hazikauki, wageni wanalalamika kana kwamba mimi ndiye ninayenyesha. Mrefu ameoa. Bibi Foronya amelia kwenye harusi kuliko mama wa bwana harusi. Watu wanaopigana wana mapenzi ya ajabu.

Insha imerudi. Arobaini na moja kwa mia. Mhadhiri ameandika chini yake kwa wino mwekundu: "Mwandishi anaonekana hajawahi kumsimamia hata kuku." Kijana mmoja aliyekaa nyuma yangu akaisoma kabla yangu, akanipa pole.

Sikulaumu. Ningejilaumu kama ningekuwa nimeiandika mimi.

Nimekuwekea ya pili. "Elezea mgogoro mmoja kazini na namna ulivyotatuliwa." Inatakiwa kabla ya Agosti. Hii usipofaulu wewe, nashindwa mimi, na yule wa soksi anasubiri.

Shangazi yako

15 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Nyumbani salama. Mama amepandishwa cheo, sasa ni mkuu wa wodi mbili, na amesema mara tatu mezani kwamba kazi ya maana ni ile ambayo mtu akiikosea mtu mwingine anakufa. Baba alisema na saa nazo. Hakujibiwa.

Samahani kwa arobaini na moja. Niliisoma tena nakala yangu na mhadhiri ana haki. Kuku sijamsimamia.

Insha ya pili nimeiandika kwa dakika ishirini. Nimechukua maelezo ya meza ya dirishani kutoka barua yako ya Mei na kuyanakili neno kwa neno. Nimeondoa tu jino bovu. Kila kitu wanachouliza kimo. Kwa hiyo, Shangazi, nadhani hunihitaji, na nadhani ulikuwa hunihitaji tangu mwanzo.

Katika kile kitabu cha maktaba kuna sura ya kuwabakiza wafanyakazi. Inasema wako wasimamizi ambao, wakiona mtu wa manufaa anataka kuhama, humcheleweshea ruhusa huku wakimpa kazi zaidi. Sisemi kwamba ni wewe. Nanukuu tu. Ukurasa wa 112.

Zimebaki siku arobaini na saba.

Kimya

9 Agosti

Kimya,

Marahaba. Sabini na nne. Ya pili kwa darasa zima. Mhadhiri amenisimamisha nisome mbele ya wote. Nimesoma kama ninavyoita majina ya zamu, kwa sauti ya kushinda mashine. Pembeni ameandika kwamba nimetumia mbinu ya kujifanya mbaya ili watu wapatane. Mimi sikujua kama ni mbinu. Nilidhani ni hasira.

Ukurasa wa 112 nimeutafuta, nimeusoma. Umeandikwa vizuri.

Nitamwandikia mama yako wiki hii. Nitaandika kwa njia yangu. Usiniombe nakala, na utakayoyasikia usiyajibu hapo hapo.

Shangazi

22 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Baba mzima.

Barua yako kwa mama ilifika Jumatano. Aliisomea mezani, kwanza kimya, kisha kwa sauti, kwa sababu alitaka baba asikie dada yake anavyoandika. Nimeishika kichwani, maana ilisomwa mara tatu.

"Mpenzi wifi yangu," ndivyo ulivyoanza. "Nimesikia binti yako amepata nafasi ya kusoma menejimenti ya biashara. Nakusihi umzuie. Mimi mwenyewe naisoma shahada hiyo wakati huu, uzito wake naujua. Mtoto ni mwema lakini hakuzaliwa kusimamia watu. Mteja akiingia dukani, yeye yuko nyuma ya pazia. Amewahi kujaribu kuandika insha moja ya somo hili nikaiona; ameandika kama mtu asiyewahi kumsimamia hata kuku. Mpeleke kwenye uuguzi, kazi ya kupokea amri, itamfaa."

Ulisema nisijibu hapo hapo. Hukuwa na haja ya kusema. Nilikuwa natazama mezani. Lile la pazia nilikuandikia wewe peke yako.

Mama aliivua miwani. "Kupokea amri," akasema. "Nina wodi mbili. Madaktari wananiuliza mimi wakae wapi." Kisha akanigeukia. "Ni kweli umechaguliwa?"

Nikasema ndiyo. Ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

"Na unaitaka?"

Nikasema naitaka. Nikasema na ya duka pia, kuhusu wateja na yule fundi wa ng'ambo anayesema "njoo Alhamisi", yote, bila kupumua. Baba aliacha kula. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo nyumbani kwetu, na mengine sikujua ninayo.

"Yule Mama Taulo," mama akasema, "miaka hamsini, kutwa kucha anahesabu foronya, yeye anaiweza shahada. Mwanangu ndiye asiiweze? Leta hiyo fomu."

Baba akasema, "Huyo unayemsema ni dada yangu."

"Ndiyo maana nasema polepole."

Akatia sahihi kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka kidogo kwenye herufi ya mwisho. Baba akasogezewa, akatia yake bila kusoma. Kesho yake nikaipeleka posta mwenyewe.

Kwa hiyo nilichokuomba nimekipata, na ninapaswa kushukuru. Nashukuru. Lakini nataka kukuuliza swali moja, na naomba unijibu bila kuzunguka. Uliyoyaandika kuhusu mimi, uliyaamini?

Mama amesema hatakusalimia tena. Ameninyang'anya hata kalenda ya hoteli yenu uliyotuletea.

Kimya

5 Septemba

Kimya wangu,

Marahaba. Mashine ya kukaushia imeharibika tena. Fundi amekuja, ameifungua, ameitazama kwa huzuni, amekwenda zake. Tunaanika darini. Mrefu na mkewe wamegombana, na Bibi Foronya ndiye msuluhishi. Sasa hivi anapiga pasi vibaya kwa makusudi, sijui kajifunza wapi.

Mkurugenzi ameniita ofisini. Amenipongeza kwa maendeleo yangu ya masomo. Nimemwuliza yeye shahada yake ni ya nini, akasema ya muziki.

Umeniuliza swali. Nami nina la kwangu, la kimenejimenti: fomu imefika?

Shangazi yako

19 Septemba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Fomu imefika, nimepata barua ya uthibitisho na namba ya usajili yenye tarakimu tisa. Naondoka tarehe tatu mwezi wa kumi. Baba amenipa saa ya mkononi, na amenipa pia kazi: nimekaa mbele ya pazia wiki mbili, nawaambia wateja siku ya kuja. Naandika kwenye kipande cha karatasi na kuwasomea, na sauti inatetemeka, lakini wanarudi siku ile ile. Mmoja alinishukuru nikasema "asante na wewe" mara nne.

Swali langu silirudii. Nimeisoma barua yako ya mwisho mara nyingi na nimeridhika na jibu la mashine ya kukaushia.

Sasa kuna jambo. Juzi Jumapili asubuhi mama alikuwa ananisaidia kupanga sanduku. Alikuwa anakunja blauzi zangu kwa namna wanavyokunja hospitalini, kona kwa kona, halafu akasema bila kunitazama, "Shangazi yako hajaniita mpenzi tangu siku ya harusi yangu. Na siku ile alikuwa anataka nimwazime hereni."

Nikampa blauzi nyingine. Akaendelea kukunja.

"Nilijua tangu mwisho wa Aprili," akasema. "Majina ya waliochaguliwa yalibandikwa kwenye ukuta wa shule yenu. Nami hupita pale kila siku nikienda kazini. Wewe umeificha barua, ukausahau ukuta."

Shangazi, kweli niliusahau. Karatasi ilikaa pale miezi mitatu, ikiwa na jina langu, la kumi na saba kutoka juu, na kozi pembeni yake.

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema alikuwa anangoja nimwambie mimi. Kila siku alirudi kazini akakaa mezani akingoja, akanunua viatu, akanunua kipimajoto, akidhani labda nikibanwa nitasema. Kisha akaona bahasha za hoteli zinaingia dukani, baba anazificha chini ya mikanda ya saa, akajua nimekwenda kwako. Hapo alikunja blauzi moja mara mbili.

"Na mimi nilikwisha kuwatangazia wodini," akasema. "Ningewarudia na kuwaambia nini? Kwamba mtoto kanizidi ujanja? Sasa nimewaambia wifi yangu amenichokoza. Wote wana mawifi. Hakuna aliyeniuliza swali la pili."

Nikamwuliza, mbona basi ulikasirika vile, hadi ukatoboa fomu?

"Alitaka nikasirike," mama akasema. "Kataja mwenyewe kwamba yuko darasani na uzee ule, siri ambayo mimi ndiye hakutaka niijue kuliko watu wote. Aibu yote ile kwa ajili yako. Ningemnyima hasira?"

Kisha akafunga sanduku akalikalia ili zipu ifike mwisho. Akiwa amelikalia akaniapisha. Amesema usiambiwe kamwe kwamba alikugundua. Amesema wewe umelipa ghali kujiona mjanja, basi uachwe ujione. Mwezi wa kumi na mbili ukija atakununia siku mbili nzima, siku ya tatu atakusamehe mbele ya watu, na amekwisha kuchagua gauni la kukusamehea. Nimeapa, mkono juu ya sanduku.

Usiku ule sikulala, na sasa nimekaa kaunta ya baba nakuandikia, kwa sababu najua kumficha mtu jambo kunavyokula moyo, na nimechoka kuwa na siri na mmoja wenu dhidi ya mwingine. Lakini mama naye nimemwahidi. Kwa hiyo nakuomba, Shangazi, ukimaliza kusoma ichane karatasi hii, uitupe kwenye maji ya kufulia. Ukija, umwombe msamaha kama mtu mwenye hatia. Akikununia, usicheke. Akivaa lile gauni, ushtuke. Asijue kamwe kutoka kwako, wala kwa kaka yako, kwamba nilikwambia.

Wako,
Kimya